Pampu Isubiri: Kwa Mnaoanza Mashamba ya Pamakalcha Hapa Mombasa

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa mafunzo yetu ya pamakalcha, yaani kilimo kinachoiga jinsi maumbile yanavyojiendesha, alinionyesha, kwa furaha ya bwana harusi, pampu ya umeme aliyoinunua asubuhi hiyo kwa ajili ya kisima cha shamba lake la robo eka kule Shanzu. Ni wa tatu mwaka huu. Nilimpongeza kwa sauti ndogo, kisha nikaenda kukaa chini ya mwembe, kwa sababu nilikumbuka jambo ambalo miaka yote nimelisimulia nusunusu. Leo nitalieleza lote, pamoja na mengine ambayo nimechoka kuyaona yakirudiwa. Mkiniona nafoka mnistahimili, nisingewapenda ningenyamaza.

1. Ramani. Kila amalizaye mafunzo hunijia na ramani ya zoni tano (sehemu za shamba zilizopangwa kwa umbali kutoka nyumbani) iliyopakwa rangi, yenye makinga maji yaliyopindapinda kufuata kontua, yaani mistari ya mahali penye kimo kimoja. Wanangu, ploti nyingi za kuanzia Bamburi hadi Shanzu ni tambarare kama sinia, na chini ya udongo kidogo mna jiwe la matumbawe lenye matundu, ambalo huyanywa maji ya mvua kabla hayajapata nafasi ya kutiririka. Hiyo kontua mnaitafuta wapi? Mollison na Holmgren, waliolibuni jina la pamakalcha huko Australia katika miaka ya 1970, walitanguliza kuangalia kabla ya kushika jembe. Ninyi mmetanguliza kalamu za rangi. Kaeni na shamba tangu masika hadi kaskazi, mjue kivuli cha minazi ya jirani kinaangukia wapi alasiri.

2. Kisima. Shamba langu la kwanza lilikuwa Utange, na kisima tulikitumia kwa pamoja mimi na majirani wawili. Kilikuwa cha kuteka kwa ndoo na kamba, na maji yake yalikuwa baridi, ya kupikia chai bila wasiwasi. Mimi, kwa ujuaji wangu, nilinunua pampu, nikamlipa fundi akizidishe kina kwa futi 6, nikiamini kwamba aendaye chini zaidi hupata maji mengi zaidi. Sikumuuliza mtu. Ilikuwa Januari, kaskazi imekaza, nami nilikuwa nimepanda mipapai 60 mahali palipotosha 15.

Nilipampu kwa muda wa saa tatu kila asubuhi. Wiki ya tatu kingo za majani ya mipapai zilianza kuwa kahawia, nikasema ni kiu, nikaongeza saa moja. Kunde zikaungua. Juu ya udongo ukajitokeza utando mweupe mwembamba, nami nikajiambia kuwa ni vumbi la matumbawe. Kila dalili niliyoonyeshwa niliitafutia udhuru, na kila udhuru niliumwagilia maji zaidi.

Siku moja jirani yangu, bibi wa makamo ya mama yangu, alimtuma mjukuu wake aniite. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanimiminia kikombe cha chai ya rangi na kukisukuma mbele yangu. "Kunywa kwanza, mwanangu." Nilipiga funda moja. Sukari ilikuwamo, iliki ilikuwamo, na chini ya hivyo vyote ilikuwamo bahari. Naye alinitazama bila kusema neno mpaka nilipokiweka chini kikombe. Kisha akasema kwamba kisima kile kilichimbwa na baba yake, na kwamba tangu utoto wake hakijawahi kuwatia haya mbele ya mgeni.

Nililotakiwa kulijua kabla ya kugusa swichi ni hili. Ndani ya jiwe letu la matumbawe, maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kuliko hayo. Kwa makadirio ya wataalamu, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Kwa hiyo ukiyashusha ya juu kidogo tu, chumvi hupanda kwa wingi kutoka chini, na ukikizidishia kisima kina, unakwenda kuipokea mlangoni. Ndoo na kamba vilikuwa vikitulinda sote kwa uvivu wake.

Pampu niliiuza kwa hasara. Masika mawili yalipita kabla ya chai kunyweka tena, na muda wote huo nilimlipa mwenye mkokoteni ampelekee yule bibi mitungi ya maji, jambo ambalo hakuliomba wala hakulishukuru, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo nunueni mifereji ya paa na tangi kwanza. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1; Mombasa hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka; paa la mabati la mita za mraba 50 mlipigie hesabu wenyewe, mkitoa kinachopotea. Maji ya kuoshea vyombo yaende kwenye shimo la migomba.

3. Jivu. Vitabu vya bara huwaambia mlimwage ili kupunguza tindikali; udongo wetu ni wa chokaa tayari, basi liacheni jikoni.

4. Makumbi ni matandazo mazuri mno, ila msichukue yaliyolowekwa baharini.

5. Lundo la mboji na vigogo vya minazi vinavyooza visikae karibu na minazi michanga, maana humo ndimo chonga, yule mdudu anayetoboa minazi, huzaliana.

6. Jongoo. Juzi nilimkuta mmoja wenu akiwamwagia mafuta ya taa. Nilimketisha nikamweleza kwamba pale Bamburi, Rene Haller alipoanza mwaka 1971 kupanda miti katika machimbo ya saruji, mivinje ilistawi lakini majani yake yaliyoanguka yalikataa kuoza, mpaka walipoletwa jongoo, wakayatafuna, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo juu ya jiwe tupu. Kijana alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama jongoo wanauma. Hawaumi.

Jumamosi hii nitagawa jongoo kutoka chini ya mvinje wangu. Kila mtu aje na debe lake lenye majani makavu. Na kijana wa pampu aje na risiti yake, twende pamoja dukani kabla hawajaanza kusema kwamba boksi limefunguliwa.