Windows inaprinti, Ubuntu haiprinti: usianze na draiva

Mkuu, umesema printa imechomekwa kwa USB kwenye kompyuta ya Windows, pale inaprinti safi, ila ukituma kutoka laptopu ya Ubuntu kazi inaganda kwenye foleni, na draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, umeshaifuta na kuiweka upya mara tatu. Achana nayo kwanza. Draiva isiyo yake mara nyingi utaijua kwenye karatasi, printa inatema kurasa zenye herufi za ajabu kila moja mistari miwili mitatu. Wewe hata karatasi haijavutwa, yaani data haijafika kwenye printa kabisa.

Mimi nina steshenari karibu na chuo hapa Dar, yalinikuta wiki ileile wanafunzi wanakusanya ripoti zao. Umeme ulikatika, kurudi ukaunguza ruta, nikanunua nyingine, intaneti ikapatikana kwenye mashine zote nikajua nimemaliza. Asubuhi dada anayechapa anatuma kutoka Ubuntu, kimya. Watu wamejaa mpaka mlangoni, ikabidi tuhamishe mafaili kwa flashi, sasa faili la LibreOffice likifunguliwa kwenye Word ya mashine ya pili majedwali yanahama, kuna binti alikuwa na kurasa 60 zimepangwa vizuri kabisa ikabidi akae aanze kurudisha jedwali moja moja na muda wa kukusanya unamwishia. Iliniuma sana.

Kumbe ruta mpya ilibadilisha vitu viwili. Kwanza IP, yaani namba ya kompyuta kwenye mtandao, kompyuta yenye printa ilikuwa 192.168.1.5 ikawa 192.168.1.12, wakati kule Ubuntu anwani ya printa niliandika smb://192.168.1.5/leza (leza ni jina nililoisheria printa), kwa hiyo inapiga hodi nyumba ambayo mwenyewe kashahama. Pili, na hili ndilo linalosumbua wengi, ile kompyuta inatumia kebo, Windows ilipoona ruta ngeni ikauhesabu mtandao ni mgeni, ikauweka Public, yaani mtandao wa watu wote usioaminika, na kufunga kusheri printa. Ukiwa Public hata ping, ile amri ya kuuliza kama mashine ipo, haijibiwi, utadhani mashine imezimwa na iko hapo mbele yako inawaka. Ingia setingi za mtandao uweke Private, yaani mtandao wako unaouamini, halafu hakikisha kusheri printa kumewashwa.

Baada ya hapo nenda Ubuntu, fungua terminal, kama huna smbclient (programu ya kuangalia vitu vilivyosheriwa na Windows) weka kwa sudo apt install smbclient, kisha andika:

smbclient -L //192.168.1.12 -U jina

IP weka ya kwako, jina ni la akaunti ya kule Windows. Jibu lisome vizuri maana ndio linakwambia umekwama wapi. Ikikaa muda mrefu halafu ikakata tamaa, bado ni mtandao au faiawoli, ule ulinzi wa Windows unaozuia mashine nyingine kuingia. NT_STATUS_LOGON_FAILURE ni jina au paswedi umekosea, na hapa angalia sana, ile PIN ya kufungulia Windows sio paswedi, haifanyi kazi kupitia mtandao. Mimi nilipata NT_STATUS_ACCOUNT_RESTRICTION, nikazunguka nayo saa nzima, kumbe akaunti yetu ya dukani haikuwa na paswedi kabisa na Windows kwa kawaida hairuhusu akaunti ya hivyo iingie kwa mtandao. Nikatengeneza akaunti nyingine ya kuprintia tu, nikaipa paswedi, nikajaza hiyohiyo kule Ubuntu pamoja na IP mpya kwenye anwani ya printa, na kazi zilizokuwa zimeganda zikaanza kutoka zenyewe.

Jina la kusheri liwe fupi, lisiwe na nafasi katikati. Halafu ingia kwenye ruta uifungie hiyo kompyuta IP yake isibadilike tena.

Draiva inakuja mwisho, ikianza kutoa karatasi zenye uchafu. Kwa njia hii Ubuntu ndiyo inayotafsiri kazi kwa lugha ya printa, Windows inapitisha tu, kwa hiyo lazima Ubuntu iwe na draiva ya modeli yenyewe. Mfano leza ndogo kama HP 1020 inataka draiva iitwayo foo2zjs, sio yoyote iliyoandikwa LaserJet.

Siku hizi mimi nimegeuza, printa nimeichomeka kwenye Ubuntu, CUPS, programu ya Ubuntu inayosimamia printa, inaisheri kwa poti 631, na Windows nimeiongezea printa kwa anwani ya http://192.168.1.20:631/printers/leza. Habari za akaunti na paswedi zimeisha, sharti tu mashine ya Ubuntu iwe imewashwa. Ila kwa leo usihamishe kitu, jaribu hiyo smbclient kwanza, jibu utakalopata libandike hapa kama lilivyo tuliangalie.