Wateja wanapiga, wanauliza bei, wanapotea: uzoefu wangu

Mkuu, umeuliza ufanyeje na wateja wanaopiga, wanauliza bei kisha hawaonekani tena, na kama ushushe bei kwa kuwa jirani yako anakunyang'anya kazi kwa bei ya chini. Mimi ni fundi bomba, mwaka wa 11 huu, na mitatu ya mwanzo ilipita hivyohivyo.

Mteja anauliza "bei gani?" kwa sababu ndilo swali analolijua. Vali na koki kwake ni kitu kimoja, sasa aulize nini kingine? Zamani nilikuwa nataja bei papo hapo, ananijibu "sawa, nitakucheki," na ndiyo imetoka hiyo. Siku hizi naanza na swali langu: bomba linavuja muda wote, au unapofungua maji tu? Kama ni muda wote, mara nyingi ni upande wa maji yanayoingia, kwenye presha. Kama ni anapofungua maji tu, nashuku bomba la maji machafu au viungio vyake chini ya sinki. Namwelekeza afunge vali kuu, anitumie picha. Dakika tatu tu. Hajanilipa chochote, ila ameshanisikia nikifanya kazi, na wengi wao hawahangaiki kupiga kwingine.

Bei nataja, tena kwenye simu hiyohiyo. Wapo mafundi wanaogoma kutaja mpaka wafike. Mteja anahisi anaandaliwa kupigwa, na simlaumu. Nampa ya chini na ya juu pamoja na sababu: ikiwa ni raba ya koki tu itakuwa hivi, ikibidi kuvunja ukuta itafika hapa. Tukikata simu namwandikia meseji, na humo nataja pia kazi nisiyoihesabu. Ugomvi wangu mkubwa kuliko yote ulikuwa wa kurudishia vigae. Mimi nilidhani si kazi yangu, mwenye nyumba alidhani imo.

Sasa kushusha bei. Chukua kalamu. Tuseme kazi ni 100, vifaa na nauli vinakula 70, unabaki na 30. Ukipunguza asilimia 10, mteja analipa 90, gharama ni ileile 70, unabaki na 20. Ili upate ulichokuwa unapata kwa kazi mbili, sasa ufanye tatu. Una mikono ya kazi tatu? Mimi sikuwa nayo. Simu ziliongezeka kweli, lakini za watu wa kubishana, na nikaanza kuwachelewesha wateja wangu wa siku zote. Geuza hesabu uone: ukipandisha kwa 10 unabaki na 40, hivyo hata kila kazi nne ikikimbia moja, mfuko uko palepale.

Akikwambia kuna mtu kampa bei ndogo, usimponde huyo mtu. Muulize tu: vifaa vimo humo? Likivuja tena wiki ijayo, anarudi bure? Mara nyingine majibu ni ndiyo na ndiyo, basi namwambia achukue, ni bei nzuri.

Kilichonishangaza zaidi ni kitu kingine. Mwezi mmoja niliandika kila simu kwenye daftari: nani kapiga, kataka nini, imeishaje. Nilikuwa na uhakika bei ndiyo inaniua. Kumbe kazi nyingi zilipotea kwa sababu sikupokea, nikiwa chini ya sinki na mikono imelowa. Fundi mwingine akapokea, basi. Sasa nimeweka ujumbe unaojibu wenyewe nisipopokea: niko kazini, andika tatizo na utume picha, nitapiga nikipumzika. Na kweli napiga, hata kama ni kumwambia sina nafasi.

Hujasema wewe ni fundi wa nini wala vifaa vinakula kiasi gani katika kila 100. Weka hesabu yako hapa tuitazame kabla hujagusa bei.