Uliza Dereva: "Mume wangu anataka mbuga sita kwa siku 14"

Mzee Dereva, shikamoo. Sisi Wakenya hiyo salamu hatuna mazoea nayo, lakini nimeona wenzangu wote hapa wanaanza nayo.

Tunaishi Brooklyn Park, Minnesota. Mwezi wa saba nyanya wa watoto anakuja kututembelea kutoka Kisii, na mume wangu ameapa kwamba safari hii hatutakaa nyumbani kuchoma nyama nyuma ya nyumba. Amepata trela ya kukodi, futi 25, vitanda vya watu sita, choo, jiko, friji. Mwenyewe anasema ni nyepesi, paundi 4,350 tu, na kitabu cha gari letu la viti saba kinasema linavuta paundi 5,000. Orodha yake ni hii: Badlands, Yellowstone, Grand Teton, Rocky Mountain, Zion na Grand Canyon. Siku 14, kwenda na kurudi. Watoto ni wa miaka 13, 10 (yuko darasa la nne) na 6. Nyanya ana miaka 71 na ana presha. Mume wangu hajawahi kuvuta chochote, hata mkokoteni. Nikimuuliza ananijibu, "Hesabu imekubali." Imekubali kweli? Na huko tutakula nini? Nyanya mkate haumshibishi.

Mama wa Watatu

Marahaba, mama. Kwanza tuelewane lugha. Kwetu Tanga nyanya ni ya kachumbari, kwa hiyo mimi nitamwita bibi. Najua kwenu bibi ni mke wa mtu. Baba watoto asije akanifuata Omaha.

Hesabu imekubali kwa sababu imefanywa nusu. Hizo paundi 4,350 ni uzito wa tela kavu, halina hata sufuria. Tia maji galoni 30: paundi 250. Mitungi miwili ya gesi iliyojaa: 75. Betri: 50. Mablanketi, viti, vyombo, nguo za watu sita za wiki mbili, mchele, unga, na mizigo ya mtu aliyetoka Kisii na zawadi zake: andika 600, na hapo nimebana. Jumla 5,325. Mmeshapita 5,000 na hamjatoka uani.

Wala hiyo siyo inayonitisha zaidi. Mwambie mzee afungue mlango wa dereva, asome ile karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango. Inasema watu na mizigo kwa pamoja visizidi paundi kadhaa. Tuseme yenu ni 1,300. Watu sita, watatu wao watoto, ni kama 780. Sasa tela nalo si la kuvutwa tu, linalalia gari. Sehemu yake ya mbele inakaa juu ya kile chuma cha kuvutia, na ili litulie barabarani lazima ikalie kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Chukua 12: paundi 640. Jumlisha na watu, 1,420. Mmezidisha 120, na bado mkoba wa dawa za bibi haujaingia. Halafu ainame nyuma ya gari asome na chuma chenyewe. Kwenye magari ya kuvuta 5,000, mara nyingi kimeandikwa mwisho 500.

Gari likizidiwa hivyo linakaa kitako. Magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na hayo ndiyo ya usukani, na ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya breki.

Atajibu kwamba atapakia nyuma ya tela ili mbele kuwe kwepesi. Hapo naomba anisikilize vizuri, maana hilo nimelifanya mimi. Nimeendesha lori Dar–Tunduma miaka kumi na moja. Mteremko wa mlima Kitonga nimeushuka usiku, mvua, tani 30 mgongoni. Siku ya kwanza kuvuta tela la familia nikaona hiki ni kitoroli. Nikapanga katoni za maji na jenereta nyuma kabisa, chini ya kitanda cha watoto. South Dakota, kabla ya kufika mji wa Wall, lori likanipita. Upepo wake ukalisukuma tela kidogo kulia, likarudi kushoto, likaenda kulia zaidi, mara gari zima linatikiswa kama mbwa anayetikisa mkia, ila hapa mkia ndio uliokuwa unamtikisa mbwa. Mguu ukataka kukanyaga breki. Ukikanyaga hapo, umekwisha. Niliachia mafuta taratibu, usukani nikaushika bila kushindana nao, na mkono mmoja nikabana kile kitufe cha breki za tela peke yake, kidogo kidogo, mpaka likanyooka. Nikasimama pembeni. Mke wangu hakusema neno. Alishuka, akafungua tela, akaanza kuhamisha katoni za maji kwenda mbele moja moja, na mimi nimesimama pale na leseni yangu ya malori mfukoni.

Basi, ushauri wangu. Hilo tela liacheni. Tafuteni dogo, la paundi 3,000 likiwa kavu. Mkitia maji galoni 20, mtungi mmoja na vitu vyenu kwa adabu, litafika kama 3,700. Mbele litalalia paundi 444. Na watu 780 mnakuwa 1,224. Mmebakiwa na 76. Hakuna kubeba baiskeli. Kabla ya kuondoka Minnesota, piteni kwenye mizani ya malori, zile zilizopo kwenye vituo vikubwa vya mafuta vya barabara kuu. Mzee asijisikie vibaya. Mimi mizani ya Kibaha ilinizoeza kwamba dereva haulizwi anadhani nini, anaulizwa mshale unasema nini.

Vitanda havitatosha sita, najua. Bibi, wewe na mdogo mlale ndani. Baba na wakubwa wawili walale kwenye hema pembeni. Ndiyo maana nawapeleka Madison, ndani ya Yellowstone, na si Fishing Bridge ambako watu wengi hukimbilia. Fishing Bridge ndiyo kambi pekee humo yenye umeme, maji na bomba la majitaka mpaka mlangoni kwako, lakini haipokei hema wala kitu chochote cha turubai, kwa sababu ya dubu. Madison haina umeme wala maji mlangoni. Ina vyoo vya kuvuta, ina mahali pa kumwagia matangi, na iko maili 16 tu kutoka Old Faithful, ile chemchemi inayorusha maji ya moto juu. Nafasi yake haipatikani kwenye tovuti ya serikali ya Recreation.gov, inauzwa na kampuni inayoendesha kambi kubwa za Yellowstone, na wao hufungua zaidi ya mwaka mmoja kabla. Mkikuta imejaa, chungulieni kila asubuhi. Watu hughairi.

Sasa hiyo orodha ya sita. Zion na Grand Canyon zifuteni. Hizo ni safari nyingine, mwaka mwingine, upande mwingine wa nchi. Na Zion ina handaki lililomalizwa 1930, wakati magari yalikuwa kama maboksi ya viatu, kwa hiyo magari makubwa yana masharti yake. Rocky Mountain nayo ifuteni. Mkivuta tela, maili 300 kwa siku ni nyingi. Siku ya kwanza laleni Mitchell, South Dakota. Ya pili mfike Badlands mapema, mkae usiku mbili. Pale Cedar Pass ombeni nafasi yenye umeme, maana Julai jua la pale halina mswalie Mtume. Kisha Buffalo, Wyoming, usiku mmoja. Cody, usiku mmoja. Madison, usiku tano, tela halisogei. Kutoka hapo Grand Teton mnakwenda asubuhi na kurudi jioni na gari tupu. Siku nne za mwisho ni za kurudi nyumbani.

Kati ya Buffalo na Cody kuna milima ya Bighorn, na njia za kuivuka ni zaidi ya moja. Shikeni namba 16. Inapanda mpaka mita 2,946, kisha inateremka korongo la Ten Sleep kwa ustaarabu. Simu ikiwaonyesha 14A, ikatalieni. Ile ina miteremko ya asilimia 10, na tela hapo ni kutafuta habari. Kushuka ni kama Kitonga: gia ndogo kabla hujaanza mteremko, siyo katikati ukishasikia breki zinanuka.

Kuhusu bibi, muulizeni daktari wake kabla, na dawa zikae kwenye gari alipo yeye, si kwenye tela. Ila urefu wa milima usiwape hofu kupita kiasi. Kisii ni kama mita 1,700 juu ya bahari, Madison ni kama 2,070. Mtu wa Minnesota ndiye atakayehema. Baridi ndiyo yenyewe: hata Julai usiku unaweza kukaribia kuganda, kwa hiyo wa kwenye hema wabebe mablanketi ya kweli.

Chakula? Ugali unasongwa popote penye gesi. Maharage chemsheni nyumbani mgandishe, kwa sababu kule maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi na mtamaliza mtungi mkisubiri. Omena, yaani dagaa, mama, naomba iache Brooklyn Park. Naipenda sana, lakini dubu naye ana pua. Kila chenye harufu, sufuria, taka, mafuta ya kula, hata dawa ya meno, kifungiwe kwenye gari, ndani ya tela, au kwenye sanduku la chuma la kambi. Hakuna kuacha sahani mezani mpaka asubuhi. Dubu, mbwa mwitu na puma, kaeni mbali nao mita 91, wanyama wengine wote mita 23. Mtu aliyewahi kupita hifadhi ya Mikumi, Tanzania, anajua habari ya wanyama barabarani. Tofauti ni kwamba Mikumi hakuna anayeshuka kwenda kupiga picha na nyati. Yellowstone watu wanashuka. Baisani dume, yaani nyati wa kule, anafika kilo 900 na anakimbia mara tatu ya binadamu.

Na mmesahau kitu cha bure mkononi mwenu. Huyo wa darasa la nne ana haki ya pasi ya hifadhi za taifa bila malipo, inaingiza gari zima la familia, na inafaa mpaka Agosti 31 baada ya mwaka wake wa darasa la nne. Jazeni fomu ya Every Kid Outdoors, ichapisheni karatasi, mwenyewe aibebe. Pasi ya mwaka kwa wakazi wa Marekani ni dola 80, kwa hiyo mtoto ndiye atakayekuwa amemlipia babake.

Mzee atakasirika siku moja. Mpe hii barua asome sehemu ya mizani peke yake.

---

Mzee Dereva, tumenunua tela la zamani, na choo chake kinanuka mpaka jirani kambini alihama meza. Mume wangu anaacha valvu ya tangi la choo wazi tukiwa tumeunganishwa bomba, anasema iende yenyewe kama nyumbani. Tufanyeje? Msomaji, Aurora, Colorado.

Jibu: Afunge hiyo valvu, leo. Ikikaa wazi, maji yanakimbia na vizito vinabaki, vinakauka, vinakuwa kichuguu chini ya choo, na kichuguu hicho hakina msamaha. Tangi la choo linafungwa mpaka likaribie kujaa ndipo linamwagwa kwa kishindo. Maji mengi kila mnapotumia, na karatasi ya chooni iwe ile inayoyeyuka haraka. Kumwaga, mnaanza na choo, halafu tangi la sinki na bafu, ili sabuni ioshe bomba. Glavu za kazi hiyo zisiwekwe sanduku moja na bomba la maji ya kunywa. Nimemwona mtu akifanya hivyo, na nilikuwa nimeshakunywa chai yake.

Kwa kichuguu kilichokwisha kuota: jazeni tangi maji, endesheni polepole barabara yenye mashimo, mwageni, rudieni. Mara tatu, nne.

---

Dereva, tunakwenda Glacier, Montana, na tela la futi 22. Ile barabara ya Going-to-the-Sun tunapita nalo? Baba Mapacha, Dallas.

Jibu: Hampiti. Kati ya Avalanche na Rising Sun, gari pamoja na chochote linachovuta lisizidi futi 21, kuanzia bampa mpaka bampa, na upana usizidi futi 8. Tela peke yake limeshazidi. Liacheni kambini Apgar, mpande na gari. Pikapu yenu mkiipima ikawa futi 20, msisahau vioo: upana wa futi 8 unahesabiwa pamoja navyo, na vile virefu vya kuvutia tela vikunjeni kabla hamjafika Avalanche.