Unga, Makala na Pango Kwanza: Bajeti ya Nyumba kwa Asiyependa Daftari

Miaka michache iliyopita nilinunua daftari la kurasa mia moja, nikaanza kuandika kila faranga iliyotoka nyumbani mwetu, kwa kuwa tulikuwa tumefundishwa kanisani kwamba mama asiyeandika matumizi hawezi kujua fedha zake zinapotelea wapi. Niliandika kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mume wangu alilifungua, akakuta soda yake ya faranga 1,000 imeandikwa pamoja na saa aliyoinywa, akaniuliza kama siku hizi nimeajiriwa kwenye forodha ya Kasumbalesa, kule mpakani. Tulinuniana siku mbili kwa ajili ya soda. Tena daftari lilinieleza vizuri sana fedha za jana zilikokwenda, ilhali swali lililoninyima usingizi lilikuwa kesho tutapika nini.

Tunakaa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, na tuko watu saba. Mume wangu ni mwalimu, na mshahara wake huja mwezi unapokwisha au mwezi mwingine unapokuwa umeshaanza. Mimi ni fundi wa nguo, na kazi ya cherehani haina mshahara bali ina misimu: wiki zinazotangulia tarehe 8 Machi, wakati kila kikundi cha akina mama kinataka vitenge vyake vishonwe sare, Julai na Agosti, wakati wa harusi za kiangazi, kisha Desemba, kabla ya Noeli. Januari na Oktoba naweza kukaa wiki nzima nikitia zipu tu kwenye suruali za watu. Bajeti ya kugawa mapato kwa asilimia, kama wanavyoshauri wengi, inahitaji mapato yanayojulikana, nami sina hayo. Kwa hiyo niliacha kupanga kila kitu, nikabaki na vitu vitatu ambavyo hupewa fedha siku ileile zinapoingia, kabla hata sijavua viatu: unga, makala, yaani makaa ya kupikia, na pango la nyumba.

Nilivichagua vitatu hivi kwa sababu ndivyo vinavyomwadhibu mtu anayevinunua kidogokidogo au anayevilipa kwa kuchelewa. Sisi hula gunia la unga wa mahindi la kilo 25 kwa siku kumi hivi, maana hapa chakula bila bukari, yaani ugali, ni kama salamu tu. Mama anayenunua unga kwa meka, yaani kwa chombo kidogo cha kupimia, kila jioni katika soko la mtaa wetu uitwao Kenya hulipia unga uleule bei kubwa kuliko anayenunua gunia, na kwa kuwa hutoa kidogo kila mara, haoni anavyopoteza. Makala nayo ni hivyohivyo, na hata nyumba zenye umeme hazithubutu kuitupa mbabula, yaani jiko la makaa. Zaidi ya hayo, mvua zikianza malori hukwama kwenye njia za porini na gunia hupanda bei, ndiyo maana mwezi wa Septemba hujitahidi kuweka magunia mawili chini ya paa, hata kama itanilazimu kuahirisha viatu vya mtu. Mwanzoni mwa 2023, bei ya unga ilipopanda mjini kwetu mpaka watu wakaanza kuuzungumzia kama wanavyozungumzia msiba, magunia matatu niliyokuwa nimeyanunua mapema yalitupa mwezi mmoja wa kupumua.

Kuhusu pango nina jambo moja ambalo nililijua kwa hasara. Mwenye nyumba wetu hutaka dola, nami nililipwa kwa faranga na nilizihifadhi kwa faranga, nikijidanganya kwamba fedha ni fedha. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilibadilishwa kwa zaidi kidogo ya faranga 2,000. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imepita 2,500. Faranga 160,000 nilizokuwa nikiziita dola 80 ziligeuka kuwa dola 64 zikiwa palepale kabatini, bila mtu kuzigusa. Wengi walifanya haraka kusema kwamba dawa ni kuweka kila kitu kwa dola, lakini mwishoni mwa 2025 faranga ilipopata nguvu ghafla, waliolia ni wale waliokuwa na dola na kumbe madeni yao yalikuwa ya faranga. Siku hizi fedha ya pango hugeuka dola siku ileile inapopatikana, na fedha ya mboga hubaki faranga, kwa maana kila fedha huingoja siku yake ikiwa katika sarafu itakayodaiwa. Na dola hizo zikaguliwe vizuri kabla ya kupokelewa, kwani noti iliyochanika kidogo pembeni hakuna atakayeipokea kwako, hata kama ni halali.

Vitu vitatu vikishapata haki yake, kinachobaki nakigawa kwa wiki, si kwa mwezi, kwa sababu mwezi ni mrefu kuliko subira yangu. Kila Jumatatu natia faranga 60,000 katika kopo la maziwa lililoko jikoni. Humo ndimo hutoka mboga, bitoyo (samaki wakavu), mafuta, sabuni na nauli ya teksi-basi. Hakuna anayeandika chochote, na hakuna anayeulizwa soda yake. Kopo likikauka Ijumaa, Jumamosi tunachuma matembele nyuma ya nyumba na hatuchukui fedha ya pango kuziba pengo.

Kinachobomoa bajeti nyingi hapa kwetu, hata hivyo, si soda wala nyama ya Jumapili. Ni mlango. Hodi ya kwanza ni ya shemeji ambaye mtoto wake ana homa, ya pili ni mchango wa matanga mtaani, ya tatu ni binamu aliyetoka kijijini na anatafuta nauli ya kurudi. Washauri wa fedha ambao nimewasikia husema jifunze kukataa. Mimi nasema mtu anayekataa kila hodi hapa Katuba atazikwa na watu wanne, na siku atakapougua yeye, ataelewa kwamba ndugu na jirani ndio bima aliyokuwa nayo. Kwa hiyo niliuwekea mlango fedha zake: dola 20 kwa mwezi zikiwepo, kumi zisipokuwepo, zinazokaa katika bahasha yake peke yake. Mtu akibisha, namsikiliza, kisha namwambia ukweli: «Ndugu yangu, mwezi huu bahasha ya familia imebaki na faranga 15,000, chukua 10,000.» Nilidhani watakasirika. Kumbe mtu akipewa kidogo kwa uso mkunjufu hufurahi kuliko anayepewa nyingi baada ya kusubirishwa sebuleni saa mbili. Bahasha ikiisha, hujibu kwamba imeisha, na kwa kuwa si uongo, sauti yangu haitetemeki.

Mwaka jana ilitulazimu kwenda Likasi kwa kilio cha baba mdogo wa mume wangu, na bahasha haikutosha hata nusu. Tulitumia zamu yetu ya likelemba, yaani mchango wa kupokezana, ambayo nilikuwa nimeipangia cherehani ya pili. Sioni kwamba tulikosea, ingawa cherehani hiyo mpaka leo sijainunua.

Septemba nayo ina mahitaji yake. Tangu 2019 shule za msingi za serikali hazitozi minervali, yaani ada ya shule, jambo lililotupunguzia mzigo kwa wale wadogo wawili, lakini mkubwa yuko sekondari, na sare, madaftari na mikoba havina habari na mambo hayo. Fedha ya vitenge vya 8 Machi ndiyo niliyoiwekea Septemba, yaani theluthi moja ya kila nguo ninayoshona msimu huo naiweka akiba kwenye simu, kwa namba ya siri ambayo hata mimi hujitahidi kuisahau. Anayetaka kuanza kufikiria shule mwezi wa Agosti atakopa, na mkopo wa Agosti hulipwa kwa unga wa Oktoba.

Mwezi ukiwa mbaya kabisa, napunguza kwa mpangilio ambao tuliuafiki mimi na mume wangu siku tulipokuwa na fedha, kwani wenye njaa hawapangi, hugombana. Kopo la wiki hushuka kwanza, mpaka faranga 40,000. Kisha bahasha ya mlango. Baada ya hapo gunia la tatu la unga hununuliwa kwa meka, kwa hasara tunayoijua. Pango halijaguswa mpaka sasa. Oktoba iliyopita tulifika kwenye meka kwa siku sita, tukala matembele mpaka mtoto wa mwisho akauliza kama sisi ni mbuzi, na tarehe ya pango mwenye nyumba alipewa dola zake zote mkononi.