Unataka kusomea maada? Anzia kwa mhunzi

Nilipomaliza kidato cha sita, nilimwambia baba mdogo nimechagua uhandisi wa maada. Akauliza, "Mada gani?" Mpaka leo pale Ujiji wapo wanaodhani nilisomea kuendesha semina. Jiandae kwa hilo. Tunachosoma ni chuma, plastiki, kioo, saruji: vimeumbwaje ndani, na kwa nini vinakatika.

Kabla hujajaza fomu, kakae kwa mhunzi siku mbili tatu. Mimi sikufanya hivyo. Mwaka wa kwanza nikameza mchoro wa chuma na kaboni kama kasuku, nyuzi joto 727, kaboni asilimia 0.8. Jaribio likauliza kwa nini nondo haifai kwa kisu. Nilipata 4 kati ya 20.

Likizo nikarudi Kigoma, nikampelekea mzee mmoja anayefua mapanga kipande cha nondo anitengenezee kisu. Akakisukuma pembeni kwa mguu. "Hiyo haishiki makali, mjukuu wangu. Lete springi ya lori."

Springi akaifua, akaipasha mpaka ikaiva nyekundu, akaitumbukiza majini, chwaa! Akapitisha tupa, ikateleza kama juu ya kioo. Nikadhani tumemaliza, kumbe bado. Akairudisha kwenye moto mdogo, maana ikiachwa vile, ikidondoka tu inapasuka.

Hapo 727 ikaniingia. Ukivuka joto hilo, kaboni inayeyukia ndani ya chuma. Ukikipoza ghafla inakwama humo, chuma kinakuwa kigumu ajabu. Springi ina kaboni kama asilimia 0.6. Nondo mara nyingi haifiki nusu ya hapo, haina cha kukwamisha. Na mzee neno kaboni hajapata kulisikia.

Kemia nayo usiikimbie. Wengi tuliingia kwa kupenda fizikia, tukaangushwa na kutu. (Mashine za Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, zilipakwa grisi kabla Wajerumani hawajaizamisha 1916, ilipoibuliwa 1924 zilikuwa bado zinafaa. Hiyo ni kemia.) Kwenye matangazo ya kazi, usitafute jina la kozi yako, hutaliona. Soma yale ya ukaguzi wa weldingi, ubora wa saruji, uchenjuaji wa madini.

Kisu kile mama bado anakatia migebuka. Nondo yangu mzee aliigeuza koleo la kushikia vyuma vya moto.