Ukinusurika kufa usijilazimishe kubadilika haraka

Machi 2018 nilijifungua salama kabisa, mtoto kalia, nesi kanionyesha ni wa kike, nikacheka. Kama dakika ishirini hivi baadae nikasikia kitu cha moto kinapita chini ya mgongo, nikadhani maji, kumbe ni damu, imejaa kwenye mpira wa kitanda mpaka inadondoka sakafuni. Kondo lilishatoka ila mfuko wa uzazi ukagoma kujikaza. Mkunga ananikanda tumbo kwa nguvu zake zote huku anaita waletewe dripu nyingine, mwenzie ananipiga vibao vya shavuni, "mama usilale, niangalie mimi, niangalie".

Namuona lakini sauti yake iko mbali kama redio ya nyumba ya jirani. Maumivu yakaisha, baridi ikaisha. Ikaja amani ambayo mpaka leo sijaipata tena, na hapa ndo pagumu kusema, niliona sawa tu kuondoka. Mwanangu analia hatua mbili kutoka nilipolala na mimi naona sawa tu.

Nikaongezewa damu chupa nne, nikapona. Watu wakaja na uji wa pilipili manga, wakaja na maombi, na kila mmoja ananiambia Mungu kakupa nafasi ya pili, sasa anza maisha mapya. Nikajitahidi jamani. Nikawa naamka saa kumi alfajiri kusali, nikawapigia simu watu wote niliogombana nao, hadi kazi nikaacha. Ilipofika miezi mitatu tangu nijifungue nikawa najifungia bafuni nalia, kwasababu kila nikimbeba mtoto nakumbuka nilikuwa tayari kumwacha. Nikajiona mama mbaya.

Kilichonisaidia ni kuja kusoma utafiti wa daktari wa moyo wa Uholanzi, Pim van Lommel na wenzake, wa mwaka 2001. Walihoji wagonjwa 344 ambao moyo ulisimama wakarudishwa, 62 ndo walikuwa na kitu wanachokumbuka, na zaidi ya nusu ya hao walisema walijisikia vizuri. Yani ile amani haikuwa yangu peke yangu na haikumaanisha simpendi mwanangu. Halafu wakawafuatilia tena baada ya miaka 2 na miaka 8, wakakuta kweli watu wale hawaogopi kufa kama zamani na wanajali zaidi wenzao, ila hayo mabadiliko yalichukua miaka kukaa sawa. Miaka! Mimi nilijipa miezi mitatu.

Kwahiyo wewe uliyetoka ICU juzi, au uliyetolewa kwenye basi lililopinduka, usifanye maamuzi makubwa saivi, kazi usiache, ndoa usivunje, shamba usiuze. Kula, lala. Tafuta mtu mmoja asiyekukatisha ukiongea umwambie yote hata yale ya aibu, na kama usiku unashtuka au humtaki mtoto rudi hospitali useme hivyo hivyo, ni ugonjwa na unatibika. Na ninyi ndugu, ile "shukuru Mungu yameisha" naomba muipunguze. Mgonjwa anashukuru, lakini kwake hayajaisha.

Wajawazito, hili halisubiri: jueni kundi lenu la damu na mjue kabisa nani atakuja kutoa siku ikihitajika. Damu ikishafika mililita 500 baada ya kujifungua hiyo tayari ni hatari, na chupa ya maji ya kunywa ya kawaida ndo ujazo huo.

Mume wangu nilimwambia 2022, usiku, taa imezimwa. Nikamwambia yote, kwamba nilitaka kwenda. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani kalala. Kisha akaniambia na yeye usiku ule kwenye korido alikuwa anapiga hesabu ya gari la kusafirisha maiti yangu kwenda Songea, alishafika mpaka kwenye mafuta, na hajawahi kumwambia mtu.