Je, shahada ya mtandaoni itanifungia mlango wa uuguzi wa usingizi?

SWALI: Mimi ni muuguzi aliyesajiliwa hapa Marekani. Nina stashahada ya miaka 2 na nafanya kazi wodi ya upasuaji. Nataka kusoma shahada ya kwanza mtandaoni, kisha niombe nafasi ya uuguzi wa usingizi (kuwapa wagonjwa dawa ya usingizi wakati wa upasuaji). Wenzangu wanasema kamati za udahili hazitaki shahada za namna hiyo. Ni kweli?
*Msomaji, Texas*

JIBU: Kwa sehemu kubwa, si kweli. Wauguzi wengi wenye leseni hujiendeleza hivyo, na mara nyingi transkripti haionyeshi hata kama ulisoma darasani au nyumbani. Kinachoulizwa mapema ni ithibati ya programu ya uuguzi yenyewe, kutoka CCNE au ACEN, vyombo vya Marekani vinavyokagua programu za uuguzi. Chuo kuwa na ithibati ya jumla ni jambo jingine, kwa hiyo itafute programu yako kwa jina katika orodha za vyombo hivyo kabla hujalipa ada.

Mtego uko kwenye alama. Baadhi ya vyuo vya mtandaoni huandika "amefaulu" tu, bila A wala B. Kamati ikipiga hesabu ya wastani, masomo hayo huenda yakaachwa nje, au yote yakahesabiwa kama B. Yakiachwa nje, alama zako za zamani zinabaki peke yake kutoa ushahidi, na kwa walioteleza kwenye sayansi ushahidi huo si mzuri.

Tuseme kwenye stashahada ulipata C katika kemia, C na B katika sehemu mbili za anatomia na fiziolojia, na B katika mikrobiolojia, kila somo krediti 4. Kwa kuwa A ni pointi 4, B ni 3 na C ni 2 kwa kila krediti, hizo ni pointi 40 kwa krediti 16: wastani wa 2.5, wakati vyuo vingi vinataka angalau 3.0. Sasa ongeza patofiziolojia na famakolojia za krediti 3 kila moja, pamoja na kemia ya ogania ya krediti 4, zote A. Unafikia pointi 80 kwa krediti 26, yaani 3.08. "Amefaulu" tatu zilizoachwa nje zisingekusogeza hata kidogo. Basi chagua chuo kinachotoa alama za herufi, au soma sayansi hizo pembeni. Uliza pia kuhusu maabara, maana vipo vyuo vya usingizi visivyokubali kemia ambayo maabara yake ilifanyika mtandaoni, na vingine hukataa sayansi iliyosomwa miaka mingi iliyopita.

Hata hivyo, kwa maoni yetu kikwazo chako kikubwa ni wodi, wala si shahada. COA, chombo kinachotoa ithibati kwa programu za usingizi, kinadai angalau mwaka 1 wa kazi ya muda wote katika uangalizi wa wagonjwa mahututi. Wodi ya upasuaji haihesabiki. Omba uhamisho wa ICU sasa, usome ukiwa huko. Njia moja ya kustahili cheti cha CCRN, yaani cha uuguzi wa wagonjwa mahututi, ni kuwa na saa 1,750 za kuwahudumia wagonjwa hao ndani ya miaka 2, na 875 kati yake ziwe za mwaka wa karibuni. Kwenye usaili hakuna atakayekuuliza ulisomea wapi; utaulizwa kwa nini shinikizo la damu lilishuka ulipopandisha PEEP (shinikizo linalobaki kwenye mapafu mwisho wa kutoa pumzi) kwenye mashine ya kupumulia. (Damu inayorudi moyoni imepungua.)

SWALI: Nilifanya kazi ICU miaka 4 kabla ya kuhamia Marekani. Je, inatosha?
*Msomaji, Minnesota*

JIBU: Haitoshi. Uzoefu unaotambuliwa na COA ni wa ndani ya Marekani na maeneo yake, au hospitali ya jeshi la Marekani iliyo nje ya nchi. Ile miaka 4 iandike kwenye wasifu wako, itakusaidia kupata kazi ICU, lakini mwaka unaodaiwa utaanza kuhesabiwa siku utakayoanza zamu huko.